Usinunue choo kabla hujasoma barua hii

Michenzani, Unguja,
Jumamosi usiku

Shoga yangu Mize,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, Mama mzima ila magoti, umeme upo, maji hayapo. Najua umeninunia, tangu Mfunguo Mosi sijakuandikia. Ninune nawe, lakini ukimaliza soma, maana kilichonishughulisha ni hicho hicho ulichoniuliza kwenye ile sauti yako ya Jumatano.

Unasema nyumba imefika kwenye vyoo, na mwanao wa Maskati anataka vyote viwili viwe vya kukaa, na ukutani pawekwe kishikio cha karatasi kama hotelini. Fundi anasubiri jibu. Mwambie asubiri mpaka barua hii ifike.

Mwezi uliopita mwanangu Haji alikuja kutoka Ujerumani na mkewe Mzungu. Mkaza mwanangu hana makuu kabisa, anakula urojo mpaka jasho linamtoka puani na bado anaongeza pilipili. Nikasema nisimuaibishe mwanangu. Nikateremka Darajani nikanunua karatasi za chooni bunda zima, roli kumi. Unajua nyumba hii ilivyo, roli ilikuwa moja tu, juu ya kabati, ya kupengea kamasi na ya kumtolea mgeni. Nikazipanga chooni, nikajiona na mimi nimeendelea.

Siku ya nne choo kikagoma. Ukiflashi maji yanapanda badala ya kushuka, unabaki kuyaangalia na roho mkononi. Siku ya tano yakaanza kudondoka kwa jirani wa chini. Huyo ulimi wake unaujua tangu harusi ya Rukia. Alinisubiri kwenye ngazi akanichamba, shoga, pasi na maji wala karatasi.

Fundi akaja na waya wake mrefu. Akasukuma, akazungusha, akavuta, kikatoka kitu cheupe kirefu kama mkia wa samaki taa. Si roli. Ni zile tishu za majimaji za kupangusia watoto, ambazo mkaza mwanangu alikuja nazo mkobani. Maskini, alikuwa mwekundu kama tungule. Yule fundi kijana akili anayo, hakusema neno, akaomba bilauri mbili za maji. Moja akatia kipande cha roli, nyengine ile tishu, akakoroga kwa kijiti. Ya roli ikawa uji. Ile nyengine akaitoa, akaikamua kama kanga, akaianika kwenye ukingo wa ndoo. Nzima! Bilauri zile nimezitupa, usiniulize.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. Akasema, "Mtu akikanyaga mavi ya kuku barazani, atapangusa kwa karatasi kisha apande kitandani?" Haji akamfasiria mkewe. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile kopo likawa lake.

Basi Haji naye, unamjua, akafungua simu akatusomesha. Kumbe karatasi ya chooni ni ya Wachina, na aliyewashangaa mapema ni mfanyabiashara wa Kiarabu. Mwaka 851 huyo, ameandikwa akisema kuwa Wachina hawajisafishi kwa maji, wanapangusa kwa karatasi tu. Mama akasema, "Basi keshaona mwenyewe." Marekani ndiyo wakaanza kuziuza kwa pakiti mwaka 1857, roli zikaja baadaye. Na mwaka 1935, shoga, kampuni moja ya huko ilikuwa bado inajisifu kwenye matangazo kuwa karatasi yake haina vibanzi. Vibanzi! Kwa hiyo kabla ya hapo walikuwa wakipata nini? Na ukumbuke mwaka 2020, korona ilipoingia, huko Ulaya watu wakigombania roli madukani, sisi huku tunagombania ndimu na tangawizi.

Lakini tusijisifu sana, mimi na wewe. Tumesahau Wingwi, Pemba, kwa bibi yako? Alfajiri tunaamshwa kwenda pwani na giza lake, wewe unaogopa kaa, mimi naogopa Khelef asije akatuona. Ukikosa maji, jiwe. Ukikosa jiwe, gunzi. Na mwalimu chuoni akitufunza istinjaa, yaani kujisafisha baada ya haja: mawe matatu makavu, si mfupa, si kinyesi. Wewe ukanyoosha mkono ukauliza, "Na mawili yakitosha?" Bakora ile mpaka leo sijui kosa lake lilikuwa nini, maana swali lilikuwa zuri.

Na maji yenyewe, wapi? Sultani Seyyid Barghash alileta maji mjini kutoka Chemchem zaidi ya miaka 130 iliyopita, na mimi leo napandisha ndoo ghorofa ya nne. Yakikatika siku ya tatu, ile roli ya juu ya kabati naitazama kwa jicho jengine, nakwambia kweli. Nilikuwa nikizicheka karatasi. Sasa sizicheki, ila sizipi ufalme.

Wahenga walisema kuchamba kwingi kuondoka na mavi, kwa hiyo nifupishe. Choo kimoja weka cha kukaa. Magoti yetu tunayajua, na Mama tangu aanguke hawezi kuchuchumaa tena. Cha pili weka cha kuchuchumaa, cha wajukuu na cha wewe mwenyewe siku ukitaka kwenda haja kwa amani. Shatafu, ule mpira wa maji wa kubinya, weka kote kuwili. Lakini usitegemee shatafu peke yake, tangi la juu likikauka lile ni pambo la ukutani. Weka na bomba la chini, ndoo chini yake, kopo pembeni. Kishikio cha karatasi mwekee mwanao asije akalia, karatasi ni ya kujikaushia, na chini yake pipa lenye kifuniko. Tishu za majimaji ziishie hapo hapo kwenye pipa.

Na kubwa kuliko yote: ramani umeitazama mwenyewe? Kibla chetu ni kaskazini. Mtu akikaa pale asielekee kaskazini wala asikipe kibla mgongo. Mwambie fundi mashariki na magharibi, na umwambie kabla hajamwaga zege. Yule jamaa wa Limbani alivunja sakafu nzima kwa ajili hiyo.

Sasa nina ombi. Mama na shatafu hawaelewani. Siku ya kwanza aliibinya kwa nguvu zote, ikampiga yeye, ikapiga mlango, ikapiga na kanga zangu zilizoanikwa. Kopo la plastiki nalo anasema linateleza mkononi. Anataka kata ya kifuu, kama ya kwao. Mwambie Khelef anichongee mbili, moja ya kuogea yenye mpini mrefu, moja ya chooni yenye mpini mfupi, zisije zikachanganyika nikarogwa. Mpe mtu wa boti, nitateremka bandarini mwenyewe kuzipokea.

Nijibu basi. Vyoo hivyo vinakaa ubavu gani wa nyumba, karibu na kisima au mbali? Karo la choo umechimba wapi, usije ukaunywa uchafu wako? Mwanao anakuja lini, na atakaa siku ngapi mpaka aagize karatasi ukutani? Rukia kajifungua? Na ile bakora, mwalimu alikwambia sababu au alikupiga tu?

Mama anakusalimu, anasema mashuka yake ya mwaka juzi bado unayo. Haji kanipigia jana usiku kutoka Ujerumani, mkewe anauliza shatafu Darajani shilingi ngapi na kama inafunga kwenye mabomba yao. Nimemwambia apige picha ya bomba.

Wako,
Zuwena