Utelezi una leseni daraja gani?

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu likiuzwa shilingi 200 na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya lori lililogonga tela bovu pale mlima Kitonga, Iringa, imemalizia kwamba chanzo ni utelezi. Utelezi una leseni daraja gani?

Huu mwaka wa 19 nabeba mbao kutoka Mafinga kwenda Dar. Kila dereva wa njia ile anajua mvua mbaya ni ya kwanza, siyo ile ya Februari inayomwaga kutwa. Dizeli, oili na vumbi la tangu Juni vikikutana na manyunyu, lami inakuwa sabuni. Basi unateremka na gia ambayo ungepandia, mguu mbali na breki.

Desemba iliyopita, saa nane usiku, nateremka Kitonga hivyo hivyo, gia ya pili. Basi linapanda limewasha taa zote, na juu ya bampa limeongezewa mstari wa vile vitaa vyeupe utadhani wanachomelea geti. Nikashusha zangu. Nikampigia dereva wake taa mara mbili. Wapi! Lami ikilowa mwanga unakuchapa mara mbili, wa taa zenyewe na ule unaorudi kutoka chini. Nikabaki nafuata mstari wa pembeni kama kipofu anayepapasa ukuta. Basi likapita, giza likarudi, na humo gizani nikasikia matawi yanavunjika chini ya tairi. Matawi, Mhariri! Ndiyo alama yetu ya hatari mpaka leo. Mbele kidogo tela limesimama upande wangu, taa hakuna, reflekta zimejaa tope. Ningekanyaga breki yote, magurudumu yangefunga na mzigo ungeniamulia. Nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga, nikaachia, gari likasimama. Nilishuka nikapima kwa mikono: pima moja na kidogo. Utingo wao alikuwa amelala chini ya tela, amejifunika turubai, miguu nje. Alipoamka akaniuliza kama nina jeki.

Wiki iliyofuata napandisha, tela limeondoka, mawe waliyowekea magurudumu wameyaacha barabarani. Moja nalijua kabisa, lina doa la oili. Mchana tochi za kupima mwendo utazikuta chini ya mwembe, penye kibao cha 50, lami kavu. Mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku kucha tangu 2023. Hiyo saa nane mlimani mbona simwoni mtu?

Ombi langu dogo. Pale mizani wanapotupima mpaka kilo ya mwisho, kila mmoja aonyeshe zile pembetatu zake mbili za kuakisi. Asiye nazo apakiwe mawe yake ndani ya kabini, asafiri nayo, na uzito wake uhesabiwe. Mwenye basi la vitaa naye asimamishwe mbele ya basi lake dakika tano, taa zikiwaka, kisha aambiwe atembee peke yake mpaka chooni.

Dereva wa mbao,
Mafinga