Barua kwa Mwanangu Otieno, Gilgil

Otieno baba,

Salamu nyingi kutoka Mwariki, hapa Nakuru. Sisi tu wazima, ila mvua imetutesa. Nimekupigia mara nyingi, na kila mara uko barabarani na mteja, ukifika utapiga. Basi naona hiyo safari ni ndefu. Barua hii nimempa Akinyi akukabidhi mkononi, asiiache kwa jirani wala asiipitishe chini ya mlango.

Nataka unijibu jambo moja. Vile vichupa ni vya nini?

Usimgombeze dada yako, hakuja kukuchongea. Alikuwa anakusifu. Alisema chumba chako ni kisafi siku hizi, umenunua godoro, na chini ya kitanda kuna katoni ya vichupa vya plastiki, kila kimoja na pamba yake. Yeye alidhani umeanza kuuza dawa. Mimi niliendelea kuchambua omena kana kwamba sijasikia, lakini usiku huo sikulala. Mtu yeyote aliyesikiliza redio Aprili ya 2025 anajua vichupa vyenye pamba vinatumika kwa kazi gani huko kwenu.

Wale vijana wawili wa Ubelgiji, wa miaka 19, walikamatwa Naivasha na malkia wa sisimizi wapatao 5,000. Wadudu walikuwa wamefungwa ndani ya vichupa vyenye pamba, ili wafike Ulaya wakiwa hai, wauzwe kwa watu wanaowafuga nyumbani ndani ya vioo. Hapa stejini watu walicheka sana. Sisimizi! Hata mimi nilicheka. Mwezi uliofuata korti ikampa kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 au miezi 12 gerezani, kicheko kikaisha. Walikuwa wamekiri na kusema hawakujua ni kosa, lakini faini haikupungua. Tena kulikuwa na wengine wawili waliokamatwa na sisimizi wao, Mvietnamu na Mkenya, nao wakapigwa faini ile ile. Picha zilizozunguka kila mahali ni za Wabelgiji. Huyo Mkenya wetu anakumbukwa na nani, kama si mamake?

Wewe milioni utaitoa wapi, Otieno? Pikipiki yenyewe bado ni ya mkopo.

Najua utakavyojibu, maana kujibu hukushindwa hata ukiwa mdogo. Utasema, mama, huyu ni mdudu, si ndovu. Haya. Walishtakiwa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, ile ile inayomlinda ndovu. Na ukishikwa na nyara ya mnyama aliye hatarini kutoweka, hata kama hukuua, hata kama ulibeba tu kutoka hapa hadi pale, kifungo hakiko chini ya miaka 5. Hapo ndipo ninapoogopa. Leo ni vichupa, kesho huyo mtu wa Nairobi anayekutuma atakuambia kuna gunia limefungwa vizuri lipelekwe Naivasha usiku, nauli mara kumi. Wanatafuta watu wa boda kwa sababu mtu wa boda haulizi. Jina lake kamili unalijua? Unajua anakolala? Yeye anajua unakolala.

Mdogo wako Ouma anafanya bayolojia sasa, nikamwuliza kana kwamba ni udadisi wangu tu. Anasema wale wenye mabawa wanaotoka mvua ikinyesha, mnaowaokota asubuhi, ndio wangechimba na kuanzisha makao mapya. Malkia akiondolewa kwenye kichuguu, hakuna mwingine wa kutaga, na waliobaki wanaisha polepole. Anasema pia wanabeba mbegu za nyasi na kuzisambaza, na udongo wanaoulegeza unashika maji. Wafugaji wa huko Gilgil wanahitaji nyasi. Mtoto huyu ana akili, Otieno, na karo yake unajua nani amelipa muhula huu. Ile elfu kumi na tano uliyotuma niliipeleka shule siku ile ile, kwa sababu alikuwa amesharudishwa nyumbani. Sikukuuliza ilikotoka. Nilisema tu, Mungu ambariki mwanangu.

Wewe umebeba jina la babu yako na mikono yake pia. Kule Lambwe hakuna aliyemshinda kwa kutega. Waya alikuwa anautoa kwenye breki za baiskeli kuukuu, anaufunga kwenye njia ya wanyama kuelekea maji, anarudi kulima. Siku hizo mbung'o walikuwa wengi bondeni, watu wachache, na wanyama hakuna aliyewahesabu. Nyama ililetwa usiku. Mimi nilikuwa kitinda mimba, ini lilikuwa langu. Mara nyingi lilikuwa la korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe na pembe zilizopinda nyuma. Sijawahi kula ini tamu kama lile, na sitakudanganya kwamba nilijali.

Serikali ilipohesabu wanyama 2021, korongo walikuwa 15. Si Lambwe peke yake, ni Kenya nzima, na wote walikuwa kwenye hifadhi ya Ruma, huko huko Lambwe. Imebidi wajengewe ua wao ndani ya hifadhi. Babu yako hakuwa mtu mbaya, usinielewe vibaya. Alikuwa na waya wake, na jirani alikuwa na wake, na ng'ambo ya kilima kulikuwa na wengine.

Na hapa nyuma ya nyumba yetu, kwenye hifadhi ya Ziwa Nakuru, wewe umekua ukiona ua wa stima na askari wenye bunduki, ukadhani ndivyo kifaru anavyoishi. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi karibu 20,000. Kabla miaka ya 1980 haijaisha walikuwa hawafiki 400, wengi waliuawa, pembe zikakatwa zikaenda ng'ambo, na ndipo hawa wetu wakazungushiwa ua. Na kila pembe ilibebwa na kijana fulani kutoka porini hadi barabarani. Aliyeinunua wa mwisho hakuwahi kukanyaga tope.

Sisemi wewe ni jangili. Nasema hujaniambia vile vichupa ni vya nini.

Kama havijatumika, vitupe. Kama vimeshatumika na kuna kitu ndani, usivifungue ukamwaga nyuma ya ploti ukadhani yameisha. Njoo nyumbani, twende na mjomba wako hadi ofisi ya KWS, wale askari wa wanyamapori, hapa langoni kwa hifadhi, ueleze mwenyewe kabla hujaelezewa. Mjomba anajua kuzungumza na watu wa ofisi, wewe una hasira za haraka. Na huyo mtu akikupigia mwambie mama amekataa, useme ni mimi, nami sioni haya. Umeibeba nyumba hii tangu mwaka wa mafuriko, hilo halihitaji kusemwa tena, lakini sikukuomba uibebe hivi. Ouma afadhali akae nyumbani muhula mmoja.

Halafu kile kikohozi. Akinyi anasema bado unakohoa. Gilgil ni baridi, na wewe unapanda pikipiki asubuhi kifua wazi kwa ajili ya urembo. Vaa ile jaketi nzito hata kama imepauka.

Mabati mawili ya jikoni yameoza, nimeweka sufuria chini. Fundi amesema atakuja Alhamisi, alisema hivyo hivyo wiki iliyopita. Kuku mwekundu ametotoa vifaranga wanane na mwewe amekula mmoja. Chama kimesogeza zamu yangu hadi mwezi ujao kwa sababu ya matanga ya kina Mama Awuor, kwa hiyo pesa usiitume kwa sasa, tutasukuma na omena.

Akinyi anarudi Jumatatu. Mpe lile debe langu la bluu, na ukipata viazi kwa bei nzuri mjazie, asije na debe tupu kama mara ile.

Ni mimi mama yako.