Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nywila Zetu na Mtandao wa Giza

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na hesabu yamo kwenye taarifa ya Mweka Hazina, sitayarudia. Nguvu kubwa ya Kamati mwaka huu imekwenda kwenye jambo moja: kuzuia taarifa za biashara zetu zisiishie kuuzwa kwenye mtandao wa giza, yaani sehemu iliyofichika ya intaneti wanakofanyia biashara wahalifu.

Mwizi wa taarifa mara nyingi havunji mlango, huingia kwa ufunguo halali alioununua. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta baada ya wahalifu kuingia kwa nywila ya akaunti ya zamani, isiyotumika tena lakini haijafungwa. Nywila hiyo ilikutwa miongoni mwa zilizovuja kwenye mtandao wa giza, na akaunti haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya ziada inayoulizwa baada ya nywila. Kampuni iliwalipa wahalifu hao bitcoin 75, takriban dola milioni 4.4. Mwaka 2024 wateja wa Snowflake, kampuni ya kuhifadhi data mtandaoni, waliibiwa data kwa nywila ambazo nyingine ziliibwa tangu 2020. Nywila iliyoibwa haiozi.

Kwa biashara za ukubwa wetu, pa kuangalia kwanza ni kompyuta ya mhasibu. Mtu anapakua programu ya kulipia iliyovunjwa leseni, au anafungua kiambatisho kinachojiita ankara, kumbe ndani mna kirusi mdokozi. RedLine na Lumma ni mifano iliyovuma. Ndani ya muda mfupi hukomba kila kilichohifadhiwa kwenye kivinjari. Furushi linalouzwa huwa ni folda tu: faili la Passwords.txt lenye anwani ya tovuti, jina la mtumiaji na nywila, mstari kwa mstari. Folda ya kuki. Namba za simu na anwani ulizowahi kujaza kwenye fomu. Mara nyingine hata picha ya skrini yako ilivyokuwa dakika hiyo.

Nawaomba muitazame vizuri hiyo folda ya kuki. Kuki ndiyo inayoiambia tovuti kwamba mtu huyu ameshaingia. Aliyeiba kuki ambayo bado ni hai anaweza kupita bila kuulizwa nywila wala namba ya uthibitisho. Kwa hiyo kubadili nywila peke yake hakutoshi, na kuibadili kwenye kompyuta ileile yenye kirusi ni kumkabidhi mwizi nywila mpya.

Utaratibu wetu ni huu. Toa kompyuta kwenye intaneti. Chukua kifaa kingine kilicho safi, uanze na barua pepe, maana nywila za akaunti nyingine hurejeshwa kupitia hapo. Ukishabadili, ondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti. Kisha kagua mipangilio ya barua pepe kama kuna amri ya kupeleka barua zako kwenye anwani usiyoijua. Wengi husahau hapa, na mwizi huendelea kusoma ankara zao kimya kimya hadi siku anapobadili namba ya akaunti ya benki kwenye mojawapo. Ndipo uende benki, pesa za simu na mfumo wa kodi. Kompyuta ifutwe yote, Windows isakinishwe upya. Kupitisha antivirusi tu hakuleti uhakika.

Kinga mnaijua: kila akaunti na nywila yake, itunzwe kwenye programu ya nywila kama Bitwarden, na namba za uthibitisho zitoke kwenye programu ya simu badala ya SMS, kwa sababu laini huweza kuhamishwa na matapeli. Mfanyakazi akiondoka, akaunti zake zifungwe siku hiyohiyo.

Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, hukuonyesha bure kama anwani yako imo kwenye uvujaji unaojulikana. Mwenye kikoa chake, yaani jina lake la tovuti na barua pepe, athibitishe umiliki, kwa mfano kwa rekodi ya TXT (mstari mfupi wa maandishi) kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina hilo, apate taarifa za anwani zake zote. Usipokutwa humo, usitulie. Kuna mafurushi yanayouzwa kwa siri. Na anayekuomba pesa ili akufutie data huko gizani msimlipe. Kilichokwisha kunakiliwa hakuna awezaye kuhakikisha kimefutwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Na. 11 ya 2022, inatumika tangu Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wasiosajiliwa waanze sasa. Nakala za vitambulisho vya wateja msizozihitaji zifuteni, kwani usichokuwa nacho hakiibwi.

Kamati inaomba Mkutano uridhie mambo mawili. Kila mwanachama ateue mtu mmoja wa kutunza orodha ya akaunti zote za ofisi yake na nani ana ruhusa gani. Pia rejista ya chama, yenye namba za vitambulisho na simu zenu, iache kuzungushwa WhatsApp, iwekwe mahali pamoja panapofunguliwa na Katibu na Mweka Hazina pekee. Hili la pili ni kosa letu viongozi, na tumechelewa kulirekebisha.

Mwenyekiti