Mdogo wangu, hayo mashati sita si ya kuvaa

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili, na picha ya ankara nimeikuza mpaka herufi zikaanza kufifia. Naelewa kwa nini hukulala. Umedunduliza fedha miezi na miezi, lori la watu limekaa juu ya mawe nje ya gereji, halafu simu inakutafsiria kwamba mzigo unaokuja kutoka Konya, Uturuki, ni pistoni 6, ringi za pistoni 6 na mashati 6. Ukaniandikia: "Kaka, nimeshapigwa?"

Hujapigwa. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuniuliza. Mafundi wa kwetu wanaoagiza vipuri Uturuki wanazidi kuongezeka, na karibu kila mmoja hukutana na hilo neno siku moja, simu ikamwambia ni shati, moyo ukaruka.

Neno lenyewe ni gömlek. Wanalitamka gyomlek, hiyo ö mdomo ukiwa umeviringana kama unayetaka kupuliza moto. Hizo herufi "ad." pembeni ya namba ni kifupi cha adet, ndugu wa damu wa neno letu idadi, maana yake ni vipande. Na usibabaike ukiona hawakuweka wingi. Kituruki kikishataja namba hakiongezi wingi tena: altı gömlek, kama ungesema "gari sita". Kitu kingine cha kukusaidia kwenye katalogi: neno likiunganishwa na jingine, ile k ya mwisho inageuka ğ. Ukiona silindir gömleği, ni lile lile, usidhani ni kipuri kingine.

Hizo ndizo slivu zako, mdogo wangu, yale mabomba ya chuma yanayokaa kwenye bloku ya injini, pistoni ikipanda na kushuka ndani yake. Umeletewa ulichoagiza.

Nilivyolijua hili neno ni habari ndefu kidogo, na ningependa uijue. Nilipofika Konya nilipanga chumba juu ya nyumba ya mzee mmoja, fundi wa injini aliyestaafu. Mtaa mzima ulimwita usta, neno la ukoo mmoja na stadi na ustadhi wetu. Mkono wake wa kulia ulikosa ncha ya kidole cha shahada. Alikuwa amestaafu kwa maneno tu. Kila asubuhi alikwenda sanayi, yaani ule mtaa wa mafundi na viwanda vidogo vidogo, akakaa kwenye kigoda mlangoni kwa mwanafunzi wake wa zamani, akanywa chai, akakosoa. Sanayi na sanaa ni shina moja la Kiarabu. Sisi tukachukua upande wa wachoraji na waimbaji, Waturuki wakachukua upande wa mashine.

Siku moja alinichukua. Juu ya meza palikuwa na slivu kuukuu, imetolewa asubuhi ile kwenye injini ya trekta. Akaniambia nitie kidole ndani, nipandishe taratibu kutoka chini. Chuma kilikuwa laini kama kioo. Karibu na mdomo wa juu ukucha ukagota kwenye kingo ndogo, kama kijingazi. "Hapo," akasema. Hapo ndipo ringi ya juu inapofika na kugeuka, mara mamilioni, mpaka inachimba. Juu ya hapo haifiki, chuma kinabaki na unene wake wa kiwandani. Hilo wewe unalijua kuliko mimi, umekwangua kingo kama hizo toka una miaka kumi na sita. Kilichonishika mimi ni alivyolisema: injini ni mwili, na hili ndilo shati lake, likichakaa unalivua, unauvika jingine, mwili huutupi.

Hapo ndipo nilipoacha kutafsiri na kuanza kuelewa. Maana kuna shati kavu na shati lililolowa, kuru gömlek na yaş gömlek. Kavu ni lile linalosindiliwa ndani ya bloku, chuma kwa chuma, maji hayaligusi. Lililolowa linazungukwa na maji ya rejeta moja kwa moja, na kinachoyazuia yasishuke kwenye oili ni mipira ile ya duara ya huku chini. Ankara yako imeandika yaş. Hakikisha mipira imo ndani ya boksi, na usiikubali iliyokauka. Na usisahau kupima ule mdomo wa slivu ulivyochomoza juu ya bloku kabla ya kufunika silinda hedi. Usta alikuwa akilisema hilo kabla hata ya salamu.

Ulitaka pia nikueleze ya duka la nguo, kwa ajili ya yule shemeji yetu anayetaka kuanza kuleta mzigo kutoka mitaa ya Laleli na Merter kule Istanbul. Hapa mambo yanakwenda kinyume. Kiingereza kina neno moja, "shirt", wanalibandika kila mahali, na sisi tulilichukua tukapata shati. Waturuki wameligawa. Lenye kola na vifungo ndilo gömlek. Ile tunayoiita tisheti ni tişört, neno la Kiingereza lililoandikwa kama linavyosikika. Jezi ya mpira ni forma. Ya kuvaa ndani ni fanila, na hiyo ni binamu wa fulana yetu: sisi tuliipata kwa Waingereza, wao kwa Waitalia, bibi ni mmoja. Shemeji akiandika gömlek akimaanisha tisheti, atapokea marobota ya mashati ya ofisini, na hakuna wa kumlaumu.

Ukienda mbali zaidi mashariki, ndugu zao wa lugha wanalo neno hili hili: köynək kwa Waazabaijani, ko'ylak kwa Wauzbeki, köylek kwa Wakazakhi. Kwa Wakazakhi hata gauni la mwanamke ni köylek. Ni neno la kale, la watu waliokuwa wakihama na mifugo kabla hawajaiona Konya wala Istanbul.

Nyoka naye ana gömlek. Lile gamba analoliacha kwenye majani ndilo yılan gömleği, shati la nyoka. Na hapa ndipo nilipokaa chini nikafikiri sana, kwa sababu kisiasa wametumia picha hiyo hiyo tuliyoitumia sisi. Unakumbuka 2011, CCM na kujivua gamba, yaani kuwaondoa viongozi waliotuhumiwa ufisadi? Huku, Recep Tayyip Erdoğan na wenzake walipotoka kwenye harakati ya kisiasa ya Kiislamu ya Necmettin Erbakan iliyoitwa Milli Görüş, wakaanzisha chama chao mwaka 2001, alitangaza kwamba shati la Milli Görüş wamekwisha livua. Mpaka leo wapinzani wake na hata wafuasi wa Erbakan wanalirudia: amelivua kweli, au liko chini ya koti? Sisi tuliona gamba, wao wakaona shati, nyoka ni yule yule.

Unaikumbuka karabai ya babu? Kile kifuko cheupe kinachowaka katikati, tulichokatazwa kukigusa kwa sababu kikishaungua mara ya kwanza kinakuwa majivu yaliyosimama? Huku nacho ni gömlek. Na kwenye nyaraka za Osmanli, ile dola iliyotawala huku zamani, zilizohifadhiwa Istanbul, karatasi hukaa ndani ya jalada jembamba, na jalada hilo jembamba ni gömlek. Msomi akitaja chanzo chake anaandika namba ya faili halafu namba ya shati.

Sasa nikuambie lililonipata mwenyewe. Mwaka wangu wa pili nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Nesi alinipa kifurushi cha kitambaa cha kijani akasema kwa upole, haraka haraka, maneno ambayo mimi niliyasikia hivi: vua shati lako, vaa shati. Nikavua. Nikabaki nimelishika mkononi, maumivu yamenishika kiunoni, nikalivaa tena. Akarudi akanikuta nimefunga vifungo vyote mpaka kooni. Hakunicheka. Alifungua kile kifurushi, akanionyesha: ameliyat gömleği, vazi la upasuaji, linafungwa kwa kamba mgongoni. Kumbe tofauti yote ilikuwa kwenye silabi moja ndogo ya "lako", ambayo sikio langu liliisikia kwenye sentensi nzima.

Nilipozinduka, mke wa usta alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na supu ya dengu kwenye chupa ya chai. Nilimwita teyze, mama mdogo, kama kila mtu anavyomwita mwanamke wa umri wake. Alikaa siku tatu. Siku ya kuruhusiwa, nesi aliuliza huyu ni nani wako, naye akajibu jambo lililomfanya nesi atabasamu na mimi nisielewe: amenipitisha kwenye shati. Usta ndiye aliyenifafanulia jioni. Zamani huku Anatolia, sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, mwanamke akitaka kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wake, alimpitisha mtoto huyo ndani ya shati lake, aingie upande mmoja na kutokea upande wa pili, mbele ya watu, kana kwamba amemzaa. Gömlekten geçirmek. Mama yetu, unapomsomea barua hii, msomee na hapa. Nataka ajue kwamba ugenini nilipata aliyenipitisha kwenye shati, na kwamba sikumsahau yeye aliyenizaa.

Lipo jingine alilopenda usta. Kitu kikiwa bora kidogo kuliko kingine, wanasema kinakizidi kwa shati moja, bir gömlek üstün. Na mzee akitaka kijana amsikilize, anamwambia: nimechakaza shati moja zaidi yako. Sisi tungesema nimekula chumvi nyingi. Usta aliniambia hivyo kila nilipobishana naye kuhusu mpira, na kila mara alikuwa amevaa shati lile lile la kijivu, kola imegeuzwa na kushonwa upya na teyze, ili upande uliochakaa ukae ndani.

Kuna mashati mengine nilikwenda kuyatazama kwa sababu yake. Istanbul, kwenye jumba la Topkapı, yamehifadhiwa mashati ya talasimu, yaani ya kinga kama hirizi, ya wana wa ufalme, yameandikwa aya na majina ya Mwenyezi Mungu na miraba ya namba. Moja ni la Cem Sultan, mwana wa Mehmed aliyeiteka Istanbul. Lilianza kuandikwa Machi 1477, likamalizika Machi 1480. Miaka mitatu kwa shati moja. Mwaka uliofuata baba yake alifariki, Cem akapigana na kaka yake kuwania ufalme, akashindwa, akaishi mikononi mwa watu wa Rhodes, Ufaransa na Italia mpaka alipofia Naples mwaka 1495. Nilisimama mbele ya kioo muda mrefu. Mwandiko ni mdogo kuliko punje ya mchele, na aliyeuandika alitaka kumlinda mtu.

Usta alifariki baridi iliyopita. Sikukuambia kwenye simu, ulikuwa na mambo yako ya gereji, na mimi sikuwa na sauti. Wiki ya mwisho alikuwa anaongea akijua. Alimwambia teyze asimnunulie tena nguo, maana aliyobakiwa nayo ni yakasız gömlek tu, shati lisilo na kola. Ndiyo sanda. Sanda ya mwanamume huku ni vipande vitatu, na cha kwanza kinachogusa mwili kinaitwa kamis, yaani kanzu au shati, halina kola wala mikono. Tulimsindikiza mchana, barafu imejaa njiani. Yule mwanafunzi wake alifunga karakana, na mafundi wa mtaa wote wakaja na nguo za kazi, mikono ina grisi, wakapokezana jeneza begani.

Muuzaji wako anatoka mtaa ule ule. Nimekwenda leo asubuhi. Alimjua usta, na nilipomweleza kwamba mzigo ni wa mdogo wangu, alitoa boksi akalifungua mbele yangu. Slivu sita zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Nilitia kidole ndani ya kila moja, kutoka chini mpaka juu, na hakuna ilipogota.

Lakini hatazituma mpaka umjibu jambo moja. Kwenye oda hukuandika kipenyo cha nje, na bloku yako ilishawahi kuchongwa na fundi mwingine kabla yako. Kesho asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, pima matundu yote sita ya bloku, juu na chini, kwa mikromita siyo kwa rula, uniandikie hapa kwa milimita. Na umpigie shemeji, umwambie tisheti ni tişört.

Kaka yako,
Konya