Kwenu wapiga gitaa chipukizi: mwacheni mwimbaji apumue

Wanangu,

Jumamosi iliyopita nilikaa meza ya tatu kutoka jukwaani, nikamwona binti akiimba huku mshipa wa shingo umemtoka kama kamba. Pembeni yake kijana mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu enzi zangu ameinamia gitaa, hainui macho. Kila mara binti alipovuta pumzi, yeye akamimina noti. Nilirudi nyumbani na uchungu.

Mjueni Jim Hall, mpiga gitaa wa jazi, Mmarekani aliyezaliwa Buffalo mwaka 1930, akafariki 2013. Miaka ya 50 alipitia vikundi vya Chico Hamilton na Jimmy Giuffre, kwenye ile jazi tulivu isiyomfokea mtu. Mwaka 1962 mpiga saksofoni Sonny Rollins aliporudi kurekodi baada ya kimya kirefu, hakuweka piano, alimchukua Hall.

Mwaka huohuo Hall akarekodi albamu ya Undercurrent na mpiga piano Bill Evans. Gitaa na piano tu, besi hakuna, ngoma hakuna. Itafuteni! Kwenye "My Funny Valentine", Evans anaposhika solo, Hall anakwangua kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa mkono mwepesi, mapigo manne manne, mpaka unasikia waya zenyewe na si spika. Piano na gitaa zote hubeba kodi, kukanyagana ni rahisi mno. Hawa hawakanyagani, maana kila mmoja sikio lake liko kwa mwenzake. Nimeirudia kwa miaka, na bado nagundua mahali alipoamua kutopiga.

Mnaniambia, "Mzee, watu wanataka kelele." Nani aliwauliza? Ni kweli tumewaharibu. Wenye kumbi wanapima bendi kwa ukubwa wa spika, na sisi wazee tunawapigia makofi mnapokimbia, mkitulia tunaanza kupiga soga. Hilo ni kosa letu, nalikiri. Lakini kitufe cha sauti kiko mkononi mwenu.

Mengine mnayajua: someni noti, fikeni mapema, pombe isiwatangulie jukwaani. Na albamu ya Concierto ya 1975, Hall akiwa na Chet Baker wa tarumbeta na Paul Desmond wa saksofoni, isikilizeni usiku, simu mkizizima.

Wewe kijana wa Jumamosi, sina ugomvi na vidole vyako. Njoo kwangu baada ya alasiri, spika uiache. Nitaimba wimbo uleule kwa koo langu hili lililokwaruza, nawe unifuate.