Somo, nimefika makaburini

Somo wangu,

Salamu nyingi kutoka Usa River. Nyumbani wote wazima, ila migomba ya mama imeangushwa na upepo na ananilaumu mimi, sijui kwa nini. Baridi ya Warsaw inakutendeaje?

Kazi uliyonituma nimeifanya Jumamosi. Makaburi ya Wapolandi, wale wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili, pale Tengeru yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo, unayakuta baada ya kupita ng'ombe. Yanakaribia 150. Mengi yana misalaba, machache yana nyota ya Daudi. Nilijikuta nahesabu miaka ya watu badala ya kusali.

Umeniandikia kwamba wenzako darasani hukuambia, "Sisi hatukuwahi kuwa na koloni Afrika." Ni kweli, na wao wenyewe waligawanywa na Urusi, Prussia na Austria hadi 1918. Ila waulize pia kuhusu Liga Morska i Kolonialna, chama chao cha kabla ya vita kilichodai Poland nayo ipate makoloni. Kukosa si kutotaka, Somo.

Lakini hawa wa Tengeru hawakuja kwa tamaa hiyo. Kuanzia 1940 Wasovieti waliwang'oa vijijini kwao, wakawapakia kwenye treni za mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa walishukia Uajemi, na kutoka huko meli zikawaleta pwani yetu. Wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa jeshini, kwa hiyo walioteremka walikuwa hasa akina mama na watoto. Tengeru peke yake ilipokea karibu 5,000, wakalazwa kwenye nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi. Shule, kanisa, hospitali, vyote vikasimama chini ya Meru.

Marehemu bibi alikuwa akiwauzia ndizi. Kilichomshangaza hadi uzeeni ni kumwona mwanamke wa Kizungu ameinama na jembe la mkono. Alikuwa amezoea masetla, ambao jembe kwao lilikuwa la mtu mwingine. Na Waingereza walilijua hilo: Mzungu fukara anayeonwa na Mwafrika aliwakosesha usingizi, maana heshima yote ya serikali ilisimama juu ya ngozi. Basi hata kambini Waafrika waliajiriwa kufanya kazi nzito. Fikiria: mtu jana alikuwa anakata magogo Siberia kwa amri ya askari, leo ameshuka kwenye lori na tayari kuna mtu chini yake. Hakuiomba ngazi hiyo. Aliikuta imeegeshwa, akawekwa juu yake, ingawa Mwingereza naye alimtazama kutoka juu zaidi.

Bibi hakuwachukia. Alisema walilia sana kwenye mazishi, na kwamba ndizi walizila kwanza kwa mashaka.

Kilichonikaa rohoni ni jambo jingine. Kambi ilipokuwa inamalizika, wengine wameshaondoka kwenda Uingereza, Kanada na Australia, ikaja zamu ya Wameru. Novemba 1951 serikali iliwahamisha watu wetu kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili masetla wapate malisho, na nyumba zikachomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, akaenda hadi Umoja wa Mataifa kulalamika. Ni watu wa mlima huohuo. Nilitaka sana kumuuliza bibi kama Wapolandi waliobaki walisikia, na kama walikumbuka treni zao. Nimechelewa.

Nakutumia picha ya jiwe moja la pembeni, karibu na ua. Jina limefutika, lakini chini kuna mstari mzima wa Kipolandi na miaka miwili, 1943 mara mbili. Nisomee huo mstari, usisahau. Mama anauliza utarudi lini, na kama huko ndizi zinapatikana.

Wako,
Somo