Kwa nini tunaomba tezi nzima

Dirishani kwetu maabara, hapa Ngamiani, Tanga, swali kuhusu kinyama kilichokatwa mwilini kupimwa ni lile lile: “Malaria mmenipa majibu kwa dakika 20, hiki kinyama mbona siku zote hizi?” Wana haki ya kuuliza, wengine wametoka Pangani na Muheza kwa basi. Nitajibu kwa ugonjwa mmoja adimu unaotuumiza kichwa kweli kweli: limfoma ya seli T ya anjioimunoblasti.

Ni saratani ya seli za kinga, huwapata zaidi wazee. Tezi za limfu, zile vituo vya kinga ya mwili, huvimba shingoni, kwapani na kinenani. Kuna homa, jasho la usiku, kukonda, pengine na vipele vya kuwasha. Ukimsikiliza mgonjwa utasema ni TB ya tezi, na mtu anaweza kumaliza dozi ya miezi sita tezi zikiwa palepale.

Chini ya darubini, tezi yenye afya ina mpangilio wake: vinundu vya seli B pembezoni, seli T zimekaa kati yao (hizi ni aina mbili za seli za kinga). Ugonjwa huu huuvuruga mpangilio wote. Vimishipa vya damu huongezeka na kuchipua matawi kama mizizi ya mikoko. Kandokando yake ndipo zinapojikusanya seli za saratani, zimepauka kuzunguka kiini. Lakini mara nyingi ni chache! Zimezingirwa na umati wa seli nyingine za kinga zisizo na kosa: esinofili, seli za plazma, na seli B kubwa ambazo mara nyingi zimebeba kirusi cha Epstein-Barr. Ugonjwa ulipoelezwa miaka ya 1970, hata mabingwa waliudhania ni kinga ya mwili iliyopitiliza, si saratani.

Sasa sindano ya kuchukulia sampuli huvuta seli, haivuti mpangilio. Ikiangukia kwenye ule umati, majibu yatasomeka “uvimbe wa kawaida”, na mzee wa watu atarudishwa nyumbani. Kwa hiyo tunamwomba daktari, inapowezekana, aitoe tezi nzima. Halafu huja rangi za kingamwili, zinazoonyesha aina ya seli kwa alama zake kama CD3, CD10, PD-1 na CD21, na hizo ndizo zinazokula siku.

Kinyama kisiwekwe kwenye spiriti wala maji ya chumvi, na kisigandishwe. Kiingie kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10, iwe angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama, chupa ya mdomo mpana. Chupa tunazitoa bure. Pitieni kuchukua kabla ya siku ya upasuaji.